Landrova ya Matairi ya Lori

KITUO CHA POLISI NACHINGWEA, JIMBO LA KUSINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Saturnini Nalinga
Umri: Miaka 35 au 36
Kabila: Mmakua
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa magari
Makazi: Nachingwea, nyuma ya soko

Mimi niliyetajwa hapo juu ninasema kwa hiari yangu mbele ya Koplo Dastani, leo Jumamosi tarehe 19 Machi 1955, kuanzia saa nne asubuhi. Koplo ameniambia nianze mwanzo na nisirukeruke. Nitajitahidi, ila tangu jana nina furaha ya kunifanya niseme kupita kiasi, kwa hiyo naomba nivumiliwe.

Ufundi niliupata katika Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, kule Burma tunakokuita Bama, kwenye matope ambayo mtu asiyeyaona hawezi kuyaamini. Mwaka 1948 nilikuja Nachingwea kutengeneza matrekta ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza. Kazi ya karanga ilipokufa nikaajiriwa na Bwana Pantelis, Mgiriki anayepasua mbao. Karakana yake ina Landrova moja na malori mawili. Dereva wa Landrova ni Isihaka Lipande, Mmwera. Yeye ni jirani yangu na rafiki yangu.

Katika karakana ile ipo amri. Mwaka jana fundi mwenzangu aliliinua gari kwa mbao za sanduku ili lipite kwenye visiki, likapinduka siku hiyo hiyo. Tangu hapo Bwana Pantelis alikataza mtu yeyote kubadili ukubwa wa magurudumu au kuinua gari bila idhini yake. Karani wake, Dominiko, ndiye mwenye kuisimamia amri hiyo. Gari likitoka getini hulizunguka na kuligusa kila gurudumu kwa kalamu yake, kama mtu anayebariki. Simlaumu, amri si yake.

Mnamo Jumapili tarehe 13 Machi, saa kumi jioni, alifika kwangu shemeji yangu Felisian, mume wa dada yangu Klementina. Wanakaa Nanganga. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri, na mto ulioko mbele ya Mkotokuyana alivuka kwa kushika kamba. Aliniambia kwamba Klementina ameshikwa na uchungu tangu Jumamosi asubuhi na mtoto hatoki, na mkunga wa kijijini amesema yeye amefika mwisho wa ujuzi wake. Hospitali ya misheni iko Ndanda, si mbali sana na Nanganga kwa gari, lakini mvua zilikuwa zimelizuia kila gari njia ile. Klementina ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mama yetu alikufa akimzaa yeye.

Bwana Pantelis alikuwa Lindi. Nilikwenda kwa Isihaka nikamweleza. Alikuwa anakula; aliacha kula. Alisema kesho yake asubuhi ana safari ya halali kupeleka misumeno kambi ya Mkotokuyana, na kutoka hapo mpaka mtoni si mbali. Shida ni kuvuka. Kwa magurudumu yake madogo gari lile likifika katikati ya mto hukaa kwa tumbo kwenye mchanga, maji yakaingia, basi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nami nalikiri. Katika lundo la vyuma vilivyobaki siku za karanga nilikuwa nayajua matairi manne ya lori, yenye meno makubwa, ambayo hukubali kuingia kwenye ringi za Landrova mtu akiwa na subira na mabavu. Ringi za zamani pia zilikuwepo. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Mimi na Felisian tulifanya kazi mpaka saa kumi na mbili, tukayajaza upepo, kisha tukayapitisha kwenye tundu la uzio na kuyaficha nje. Nilikata pia vipande vinne vya mpingo, kila kimoja unene wa vidole vinne, nikachukua boliti ndefu zilizopinda kutoka kwenye lori bovu. Tairi kubwa peke yake halitoshi. Ukikata kona linakwaruza madigadi, na lazima gari lipandishwe juu ya springi zake ili tairi lipate nafasi. Nilichagua mpingo kwa sababu mpingo haupasuki. Sikutaka niwe kama yule wa mbao za sanduku.

Jumatatu tarehe 14, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Isihaka na mimi tulitoka getini. Nilimwambia karani kwamba naenda kutazama injini ya msumeno kambini. Dominiko aligusa magurudumu manne na la akiba, akaturuhusu. Nje ya uzio tulimchukua Felisian, matairi na baiskeli yangu. Misumeno tuliishusha Mkotokuyana, na saa mbili na robo tulikuwa ukingoni mwa mto.

Tulifanya kazi pale kuanzia saa mbili na robo mpaka saa saba. Tuliliinua gari kwa jeki upande mmoja mmoja, jeki tukaiweka juu ya ubao isizame. Niliondoa magurudumu madogo, nikalegeza springi, nikaweka kipande cha mpingo kati ya springi na ekseli, nikakaza. Nilifungua mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye plagi. Bomba la moshi niliunganisha na mpira nikaelekeza juu. Mambo haya yote tuliyafanya Bama, na gari lilipokwisha, Koplo, lilipendeza. Lilisimama kama ndama anayejifunza kusimama. Hata Felisian alicheka, na alikuwa hajacheka tangu Jumamosi.

Kosa la pili ni hili. Mpira wa breki wa mbele, baada ya gari kupanda, ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Ulihitaji kubadilishwa kwa mrefu zaidi na sikuwa nao. Nilimwambia Isihaka asikanyage breki kwa nguvu. Akanijibu, "Nikanyage breki mtoni nimsubiri nani?" Tukacheka tena, na nikaliacha jambo hilo hivyo.

Maji yalikuwa bado juu. Isihaka alichomeka kijiti ukingoni, akakikata alama kwa kisu, akasema maji yakishuka mpaka pale atavuka. Mimi nilitakiwa karakana kabla ya saa kumi, Dominiko asije akauliza. Magurudumu madogo manne tuliyaficha kwenye kichaka chini kidogo ya kivuko na kuyafunika majani, ili wakirudi wayafunge tena. Saa saba na nusu nilipanda baiskeli nikawaacha wawili hao wamekaa wakitazama kijiti. Sikuwaona wakivuka.

Saa tisa, nikiwa njiani, ilinyesha mvua ambayo ilinilazimu kuibeba baiskeli.

Jumanne tarehe 15 Landrova haikurudi. Dominiko, niliyemwambia tu kwamba Isihaka nimemwacha Mkotokuyana, alingoja mpaka saa nne, akatuma lori moja na watu kumi. Mimi nilibakizwa karakana. Walirudi saa kumi na moja jioni. Walisema mto umefurika hata kichaka cha ukingoni hakionekani, na kwamba lori lao lilikwama pale pale kivukoni, wakalikwamua kwa kukanyagakanyaga kila mahali, nyayo zote za upande huu zikafutika. Nyuma ya lori walikuwa na gurudumu moja la Landrova. Waliliokota limenasa kwenye mizizi, mbali chini ya mto.

Dominiko aliligeuza akasoma namba iliyopigwa kwenye ringi, akasema ndilo. Mto ukilivunja gari mpaka ukang'oa gurudumu, aliyekuwa ndani hana haja ya kuulizwa.

Mimi nililitazama gurudumu lile nikaona matundu ya boliti ni mazima. Nilijua limefunguliwa kwa spana yangu mwenyewe, na kwamba mto umelichukua kichakani. Lakini mto uliochukua magurudumu kichakani ungeweza pia kuchukua gari, na hasa gari nililolipandisha mimi, refu, jepesi kupinduka. Wenzangu walikuwa wanamlilia mtu mmoja. Mimi peke yangu nilijua kwamba alikuwa na Felisian, na kama wamekufa hao wawili, basi na Klementina amekufa Nanganga akisubiri gari. Nilihesabu watu watatu, na mtoto.

Nilinyamaza. Niliogopa kufungwa, hilo ni kweli. Zaidi ya hapo niliogopa kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, kwa sababu yangekuwa ya kweli. Koplo ameniuliza kwa nini. Sina jibu bora kuliko hilo.

Usiku huo msiba ulianza nyumbani kwa Isihaka. Jumatano tarehe 16 nilikaa matangani kutwa. Yalitokea mabishano kidogo. Mwalimu Adinani, anayesalisha msikitini, alisita, akasema maiti haikuonekana na mtu aliyepotea ana hukumu yake, watu wasubiri. Lakini mjomba wake Isihaka, Mzee Abdala, ambaye kwa desturi ya Wamwera ndiye mwenye mtu, alisema gurudumu linatosha kuwa shahidi. Alisema mpwa wake hawezi kukaa majini bila kusomewa. Mwalimu akakubali dua isomwe, na wanawake wakamwingiza mkewe, Mwanaima, kwenye eda. Alivuliwa bangili, akavishwa kaniki, akawekwa ndani, na Bi Biasha, mama mzazi wa Isihaka, akakaa mlangoni pa chumba. Nilimsikia Mwanaima mara moja tu, akiuliza kama mto ule ni wa baridi.

Nilikula chakula cha matanga. Nataka hilo nalo liandikwe.

Alhamisi tarehe 17, saa nne asubuhi, alifika Mikidadi wa Naipingo. Ni mrina asali na msaka nyayo. Watu wa mbao humtumia kutafuta njia porini, na mnyama akishapita yeye humsoma kama barua. Mzee Abdala alikuwa amemtuma kuutafuta mwili. Mikidadi alisema alivuka mbali juu ya mto penye gogo, akashuka na ukingo wa ng'ambo mpaka kivukoni. Mwili hakuuona. Gari hakuliona. Alisema ng'ambo ile ukingo ni wa udongo mgumu, maji hayakuufikia, na nyayo zilizopo ni za lori lililotoka mtoni na kwenda Nanganga. Tairi la Landrova halikukanyaga pale.

"Kwa hiyo gari la Isihaka liliingia na halikutoka," alisema. "Poleni sana."

Wanaume waliinamisha vichwa. Mimi nilisimama. Nilimuuliza meno ya tairi hilo la lori yakoje.

Alisema ni makubwa, yamekaa mshazari. Akaongeza kwamba tairi moja limekatika meno mawili yanayofuatana.

"La nyuma kushoto," nikasema.

"La nyuma kushoto. Umejuaje?"

Nilisema, "Nimelifunga mimi. Hilo si lori. Hiyo ni Landrova."

Kisha nikasema yote, pale pale mkekani, mbele ya wafiwa na mbele ya Dominiko aliyekuwa amekuja kutoa rambirambi. Nilisema juu ya dada yangu, tundu la uzio, matairi, mpingo na kichaka. Kifua changu kilikuwa chepesi. Nilitazamia watu wafurahi. Hawakufurahi.

"Ulikuwa wapi na maneno haya tangu juzi?" Mzee Abdala aliniuliza.

Mikidadi ndiye aliyesema, polepole, kwamba mficha uchi hazai, na mtu huyu ameufunua, afadhali asikilizwe. Mzee Abdala alisema atasikiliza akimwona mpwa wake. Mwalimu Adinani alisema hali kadhalika: msiba usimame, pasipikwe tena, ila mwanamke abaki alipo mpaka habari ipatikane, kwa sababu kumtoa leo na kumrudisha kesho ni kumuua mara mbili.

Dominiko alinileta hapa kituoni mwenyewe, saa sita. Njiani hakunitukana. Aliniuliza tu kama yale matairi yaliingia vizuri kwenye ringi. Nikamwambia yaliingia.

Koplo Dastani aliandika habari ya wizi wa matairi, akanifungia. Kisha nikamwona anakwenda kwenye simu kuuliza Masasi kama gari hilo limeonekana. Majibu hayakupatikana siku hiyo. Nasema kweli kwamba nililala usingizi mzito kwenye sakafu ile, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ijumaa tarehe 18, saa tatu asubuhi, Koplo alikuja kwenye nondo. Alisoma kwenye karatasi bila kubadili sauti, ndivyo alivyo, kwamba Landrova yenye matairi ya lori imesimama Ndanda tangu Jumatatu jioni, pua ndani ya lundo la mchanga wa ujenzi. Dereva ni mzima. Mwanamume wa pili ni mzima. Mwanamke amejifungua Jumanne alfajiri kwa msaada wa masista, mtoto wa kike, wote wazima. Nilimwomba asome tena. Alisoma tena. Nikalia, na sioni aibu kusema hivyo.

Mambo yaliyotokea nimeambiwa baadaye na Isihaka. Maji yalishuka mpaka kwenye alama saa nane kamili, akavuka, na gari halikuyumba hata kidogo. Walimchukua Klementina Nanganga. Kwenye mteremko wa kwanza alikanyaga breki, ule mpira ukakatika, kama nilivyostahili kutarajia. Alikwenda mpaka Ndanda bila breki, kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Mbele ya hospitali hakukuwa na namna ya kusimama ila kuingia kwenye mchanga wa waashi. Klementina alimwambia kwamba uchungu wa kugonga mchanga ulikuwa mdogo kuliko ule wa uzazi. Barua mbili Isihaka alimwandikia Dominiko, na zote mbili zililala ng'ambo ya mto zikingoja maji kushuka kama watu wengine.

Siku hiyo ya Ijumaa saa tisa alasiri, Isihaka alifika Nachingwea kwa lori lililozunguka kupitia Masasi. Koplo aliniruhusu nitoke naye twende kumwona, kwa sharti nirudi. Nilirudi.

Tulimkuta Isihaka amesimama nje ya mlango wake mwenyewe. Habari ya simu ilikuwa imefika pale asubuhi, lakini wazee walisema eda haivunjwi mpaka mtu aonekane. Alikuwa amepiga hodi, na Bi Biasha, bila kutoka, alijibu kwa ndani kwamba wanaume hawaingii, kuna mwenye eda. Isihaka akasema, "Mama, ni mimi." Bi Biasha akasema kwa sauti iliyopotea kwamba kama ni yeye basi asubiri aitwe mwalimu, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyesoma. Nadhani aliogopa kufungua. Hata mimi ningeogopa.

Basi Isihaka alikaa mkekani pamoja na watu waliokuwa wakimlilia. Mjomba wake alimshika mkono hakuuachia. Mtu alimpa maji. Hakuna aliyejua la kusema kwa mtu ambaye amesomewa dua juzi, kwa hiyo watu walimuuliza habari za barabara. Aliponiona alisema, "Saturnini, breki." Nikasema, "Najua." Akaniambia dada yangu anasalimu. Mtu mmoja akawa amekwisha kwenda mbio kumwita Mwalimu Adinani.

Mwalimu hakuwahi. Mlango ulifunguliwa akatoka Mwanaima, kaniki yake mwilini, miguu mitupu, Bi Biasha nyuma akimshika nguo asitoke. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Alipiga magoti mbele ya Isihaka akamshika masikio, akamshika mabega, akamshika mikono, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya mama kwa mtoto aliyeanguka mtini. Alipomaliza mkono wa pili alimuuliza, "Umekula?"

Isihaka akasema bado.

Mwanaima aliinuka, akafunga kaniki kiunoni, akaenda kuwasha moto.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona kwa macho yangu, na ya Ndanda ni kama nilivyohadithiwa na mwenye kuyaona. Matairi niliyachukua mimi. Isihaka hakuwa na ufunguo. Nikiulizwa kama ningefanya tena, nasema ningefanya tena, ila ningebadili mpira wa breki, na ningesema Jumanne.

Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, nimeyaelewa, ni sawa.

(Saini) S. Nalinga

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika haya mwenyewe na kumsomea shahidi mpaka mwisho. Alitaka maneno "naomba nivumiliwe" yafutwe, nimemwambia yabaki. Bwana Pantelis amerejea kutoka Lindi leo na amesema hataki shauri la matairi liendelee. Shahidi ameachiliwa saa sita na dakika kumi ili aende Ndanda. Isihaka Lipande, ambaye katika jalada letu la tarehe 15 ameandikwa kuwa amekufa maji, amefika mbele yangu leo hii na kukanusha. Jalada nimelifunga.

(Saini) Koplo Dastani